Kimya cha Seva

Kitone cha kijani hutokea kwenye skrini nyeusi, na kando yake maneno mawili matatu yanayosema kwamba wakala wa ufuatiliaji yu hai. Kazi iliyotangulia ni fupi: kuongeza hazina ya vifurushi kwenye orodha ya seva, kupokea ufunguo unaothibitisha sahihi ya watengenezaji, kuandika amri ya kusimika programu, kisha kufungua faili moja la maandishi na kujaza yale ambayo mjumbe yeyote huyahitaji kabla hajatumwa, yaani jina lake, anwani ya atakayepelekewa habari, na siri watakayotambuana kwayo. Kama programu ni Zabbix, mlango namba 10050 hufunguliwa kwenye fayawoli, nao hufunguliwa kwa mwulizaji mmoja tu. Amri ya mwisho humwagiza wakala aamke kila seva inapowashwa. Aliyezoea humaliza yote chai yake ikiwa bado ya moto, na wepesi huo ndio unaotufanya tupite bila kutazama kilichotendeka. Shahidi amewekwa ndani ya mashine. Tangu dakika hiyo atakaa humo mchana na usiku, akihesabu kazi za prosesa, akipima kumbukumbu iliyobaki, akitazama diski inavyojaa, na kila anachokiona atampelekea mtu ambaye huenda yuko mbali sana, au amelala.

Seva nyingi hazina skrini wala kibodi. Zimepangwa kwenye rafu za chuma katika vyumba vya baridi, feni zikivuma bila kukoma, na anayezitawala aghalabu hajawahi kuzitia machoni. Mashine ya namna hii haiugui kwa kelele. Diski hujaa polepole kwa logi ambazo hakuna anayezisoma, asilimia moja leo, nyingine wiki ijayo, na muda wote huo mishahara inalipwa, matokeo ya mitihani yanafunguka, tiketi zinakatwa. Kisha usiku mmoja nafasi inakwisha, hifadhidata inashindwa kuandika mstari mmoja tu, na asubuhi watu wamejipanga dirishani wakiambiwa maneno tuliyoyazoea Afrika Mashariki nzima: mtandao unasumbua. Pengine mtandao hauna kosa lolote. Kuna na ugonjwa wa siri zaidi, wa diski yenye nafasi tele ambayo imeishiwa na vitambulisho vya mafaili, kwa sababu programu fulani imezaa vifaili vidogo kwa mamilioni. Aliyepima nafasi peke yake ataona nusu ya diski ni tupu, na ataapa kwamba mgonjwa ni mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa, lakini seva haifichi kwa hiari yake. Haijaulizwa.

Na katika suala la kuulizwa, Linux ina jambo ambalo mimi naliweka miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kubuniwa katika kompyuta. Ndani ya mfumo huo, aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, kuna saraka iitwayo /proc. Ukiorodhesha yaliyomo utakuta mafaili mengi, na karibu yote yameandikwa kuwa na ukubwa wa sifuri. Ni matupu. Lakini lisome lolote, nalo litakujibu. Faili la /proc/meminfo litakueleza kumbukumbu iliyotumika na iliyobaki, la /proc/uptime litakuambia mashine imekesha sekunde ngapi tangu iwashwe, la /proc/loadavg litakupa uzito wa kazi. Maneno hayo hayakuwa yamelala kwenye diski yakikungoja. Keneli, kiini cha mfumo, imeyaandika pale pale kwa kuwa umeuliza, na ukishasoma hayapo tena. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko Linux. Tom Killian wa Bell Labs alilieleza mwaka 1984 kwa ajili ya toleo la nane la Unix. Waliolirithi wakaliacha wazi kwa yeyote mwenye akaunti kwenye mashine, kwa maandishi ya kawaida ambayo binadamu anaweza kuyasoma bila mkalimani. Wakala wa ufuatiliaji hana uchawi wowote. Husoma mafaili haya matupu kila baada ya muda, na kila asomapo, jibu huzaliwa upya.

Anayeishi kwa Kiswahili hawezi kulitazama hili asikumbuke namna tunavyosalimiana. Hatupitani kimya. Tunabisha hodi, tunaulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za watoto, na kila swali lina mlango wake. Tena jibu la kwanza ni njema, hata kwa mtu aliyekesha hospitalini. Habari ya ugonjwa huja baadaye, ikiwa mwulizaji amekaa na kuuliza zaidi. Seva nazo ndivyo zilivyo. Uliza kama ukurasa unafunguka, utaambiwa ndiyo, njema. Uliza unafunguka kwa sekunde ngapi, maombi mangapi yamekataliwa, foleni ya diski ina urefu gani, ndipo utakapousikia ukweli. Tazama jinsi uzito wa kazi unavyojibiwa: tarakimu tatu, moja ya dakika iliyopita, moja ya dakika 5, moja ya dakika 15, yaani habari za sasa hivi na habari za tangu ulipoondoka. Ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya mwisho, balaa linaingia. Ikiwa ndogo, balaa linatoka. Nne kwa prosesa yenye viini vinne ni mzigo uliokamilika, na kwa yenye viini kumi na sita ni mzigo mwepesi, kwa hiyo tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka umjue mwenye kuibeba. Tangu mwaka 1993 Linux imekuwa ikihesabu humo hata kazi ambazo hazifanyi chochote, zimekwama tu zikisubiri diski. Ndiyo maana unaweza kuiona prosesa imetulia na uzito umepanda juu kabisa. Mashine imelemewa kwa kusubiri. Sijui kipimo kingine cha kihandisi kilichokubali jambo hili waziwazi, kwamba kungoja nako ni mzigo na kunachosha.

Katika lile faili la mipangilio, mstari ninaoutaka uandikwe kwa mkono uliotulia ni mstari wa jina. Jina ambalo wakala anajitambulisha nalo sharti lilingane na lile lililosajiliwa upande wa pili, herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Likipotoka kwa kistari kimoja, wakala anayepeleka habari mwenyewe ataendelea kubisha hodi, na mpokeaji ataendelea kumjibu kwamba hamfahamu. Kibaya zaidi ni wawili kuitwa jina moja. Siku hizi seva huzaliwa kwa kunakiliwa: moja iliyokamilika hufanywa kiolezo, kutoka hapo zikatolewa kumi au mia, na asiyekuwa mwangalifu huziacha zote ziondoke na faili la mama yao. Mashine mbili zikisema kwa jina moja, mchoro wa kumbukumbu hurukaruka, dakika hii gigabaiti 3, dakika ijayo 11, na mtazamaji hutafuta ugonjwa usiokuwapo. Wakati huo huo seva ya pili haimo kwenye orodha ya walio hai wala ya waliokufa. Siku itakapozimika, mwenzake atakuwa bado anaitika kwa jina lile, na hakuna atakayeuliza.

Kuna mawakala wa tabia mbili. Wapo wanaongoja waulizwe, na wapo wanaojituma. Zabbix, aliyoanza kuitengeneza Alexei Vladishev huko Latvia na kuitoa kwa umma mwaka 2001, inawakubali wote wawili. Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 ndani ya kampuni ya SoundCloud mjini Berlin, imeegemea kwenye kuuliza: hupita kwa kila seva kwenye mlango namba 9100, ikabisha hodi, ikachukua majibu, ikaenda zake. Watu hubishana ni ipi bora, na ubishi wao mwingi ni wa kasi na wingi wa mashine. Mimi naipenda ya kuuliza kwa sababu moja tu. Anayepita akibisha hodi hujua papo hapo ni nani hakuitika, na hulazimika kuandika sifuri mbele ya jina lake. Anayekaa akingoja kuletewa habari asipoletewa anaweza kudhani kwamba hakuna habari. Ndiyo maana kwa mawakala wanaojituma ni lazima iwekwe kengele ya ukimya wenyewe: zikipita dakika kadhaa bila neno, hilo ndilo neno. Jirani asipoitikia hodi, watu wazima hawaendi zao wakisema amepumzika. Husukuma mlango.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe 14 Agosti 2003, katika jimbo la Ohio huko Marekani, methali hiyo ilitimia juu ya watu takriban milioni 50. Saa nane na dakika 14 mchana, programu ya kengele katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy ilikwama, kwa kosa lililojificha ndani ya mfumo wake. Haikulia kwamba imekwama. Ilinyamaza. Nyaya za umeme zilikuwa zikilegea kwa joto la mzigo na kugusa miti, laini moja baada ya nyingine ikatoka, na waendeshaji waliokaa mbele ya skrini waliona utulivu. Simu zilipigwa kutoka kwa wenzao wa nje zikieleza kwamba kuna jambo haliko sawa. Skrini zikasema hakuna jambo. Muda mfupi baada ya saa kumi jioni, umeme ukaanguka kutoka Ohio hadi New York na kuvuka mpaka hadi Ontario nchini Kanada. Nikiisoma habari ile kinachonishika si kosa la programu, kwa maana makosa ya namna hiyo hayajawahi kukosekana. Ni wale waendeshaji. Walikuwa makini, macho yao yalikuwa pale yanapotakiwa kuwa, nao walikuwa wakimtazama shahidi aliyekwisha kufa wakidhani amekubali.

Hata hivyo kunyamaza si kufa kila mara. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na intaneti ikazorota katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mwangalizi aliyekaa Ulaya siku ile angeweza kuona mawakala wa Dar es Salaam wakizimika kwa pamoja kwenye dashibodi yake, rangi nyekundu kutoka juu hadi chini, ilhali seva zenyewe zilikuwa zikifanya kazi na wakala ndani yake anahesabu kama kawaida. Kilichokatika ni njia. Kwa ajili ya siku kama ile huwekwa mpokezi wa kati karibu na seva, mjini humo humo, anayezipokea habari na kuzitunza njia inapokatika. Yule wa Zabbix, akiachwa alivyokuja, hutunza za saa moja tu. Anayekaa kwenye pwani inayotegemea mikongo michache tu hana budi kumpa muda mrefu zaidi. Njia ikirudi, habari za jana huja zikiwa na saa za jana, na pengo kwenye mchoro hujazwa, mradi saa za seva zilikuwa sahihi. Naona hapa jambo linalotugusa sisi wa huku kwa namna ya pekee. Kama anayetutazama yuko ng'ambo, kukatika kwa njia kwake ni sawa na kufa kwetu. Kuwa na macho yetu karibu si fahari ya kitaifa peke yake. Ni kuweza kujua kwamba tu wazima hata pale dunia isipotuona.

Sasa niseme juu ya mlango tuliomfungulia shahidi huyu, kwa kuwa anaishi ndani na si kila anayeishi ndani ni mwenzetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Desemba 2020 kampuni ya usalama wa mitandao ya FireEye ilitangaza kwamba Orion, programu ya SolarWinds iliyotumika kufuatilia mitandao na seva, ilikuwa imepandikizwa msimbo wa wavamizi ndani ya masasisho yake halali. Sasisho lilikuja na sahihi ya kweli ya mtengenezaji. Wateja wapatao 18,000 walilisimika, na miongoni mwa walioingiliwa zilikuwamo wizara za serikali ya Marekani. Hakuna aliyevunja dirisha. Macho yenyewe waliyoyanunua ili walindwe ndiyo yaliyowapitisha wageni. Wahenga wetu walisema mchawi mpe mwana alee, na kwa binadamu huenda lilifaa, kwa sababu mchawi naye huona haya mbele ya aliyemwamini. Programu haina haya. Kwa hiyo nasikitika kila nionapo maelekezo ya kusimika yanayomtaka fundi avute hati kutoka kwenye intaneti na kuimwaga moja kwa moja mikononi mwa mtumiaji mkuu wa mfumo bila kuisoma, ati kwa sababu ni mstari mmoja tu. Wakala mwema hahitaji mamlaka hayo. Hupewa akaunti yake isiyoweza hata kuingia kwenye mfumo kwa kawaida, husoma yale yaliyo wazi kwa wote, na hapewi uwezo wa kutekeleza amri. Wakala wa Zabbix huja akiwa amefungiwa uwezo wa kutekeleza amri kutoka mbali, na mwenye seva ndiye huamua kumfungulia. Mfungulie ukiwa na sababu unayoweza kuieleza mbele ya watu. Shahidi kazi yake ni kuona na kusema, na mikono yake ikibaki mitupu ushuhuda wake haupungui uzito.

Yote anayoyaona hayawezi kutunzwa. Mwaka 1999 Tobias Oetiker wa Uswisi alitoa RRDtool, hifadhidata yenye ukubwa usioongezeka: data mpya ikiingia, ya zamani hukunjwa kuwa wastani, na wastani huo nao hukunjwa tena, mpaka mwaka mzima unakaa mahali palipokuwa pa siku chache. Programu ya Munin, yenye jina la kunguru wa kumbukumbu katika hadithi za kale za Skandinavia, imejengwa juu yake. Zabbix nayo hutunza kila kipimo kwa muda, kisha huacha ya kila saa tu: cha chini, cha juu na cha wastani. Usiku ule wa taabu, wenye dakika zake zote za kupanda na kushuka, mwakani utabaki kuwa kilele kimoja kwenye mstari. Sioni ubaya. Ila anayetaka kujifunza kutokana na taabu aandike kisa chake mapema, kwa maneno yake, kabla mchoro haujalainika.

Linabaki suala la masikio. Kwa siku chache baada ya kusimika, kila kengele husikika na kila moja hujibiwa. Kisha huja tabia ya kuogopa kukosa kitu, na fundi huweka kengele kwa kila kinachopimika: prosesa ikipita asilimia 80, kumbukumbu ikipita 90, huduma ikichelewa kidogo. Simu hutetemeka saa saba usiku, saa nane, saa tisa, na kila mara mashine inakuwa imekwisha kujiponya yenyewe. Kijana wa zamu hujifunza kuigeuza simu kifudifudi. Sikio la kufa halisikii dawa, husema wakubwa wake asubuhi ya msiba, lakini masikio mengine hatukuyakuta yamekufa. Tumeyaua wenyewe kwa kengele. Naamini kwa moyo wote kwamba usingizi wa mtu wa zamu ni sehemu ya mfumo kama ilivyo diski, nao huisha kama diski iishavyo. Kengele isiyomtaka mtu afanye jambo, tena sasa hivi, haina haki ya kumwamsha. Iandikwe mahali, isomwe mchana. Diski kujaa asilimia 80 haisemi lolote kama imechukua miaka mitatu kufika hapo. Diski iliyo nusu, lakini kwa mwendo wa leo itajaa kabla ya alfajiri, hiyo ndiyo ya kumtoa mtu kitandani.

Kwa hiyo wakala akishasimikwa, jina likalingana, siri ikakubaliwa, michoro ikaanza kuchorwa, fundi mzuri hakusanyi vyombo vyake bado. Humzima wakala kwa makusudi, bila kumwambia mtu, akatazama saa. Zikipita dakika 10, zikapita 20, na hakuna aliyeuliza, basi hakuna kilichosimikwa hata kama kila kitu kinafanya kazi. Arudi kwenye orodha ya zamu, namba za simu, na jina la mtu anayetakiwa kuitika. Arekebishe, amzime tena. Kazi hukamilika pale simu inapolia na sauti ya upande wa pili kuuliza kwa wasiwasi, "Kaka, ile seva imepatwa na nini?"